Leseni ya Mwalimu: Neno Moja kwa Ngazi Mbili

Miaka michache iliyopita tuliletewa nyaraka za mwalimu mmoja wa shule ya sekondari ili tuzitafsiri kwa Kiingereza. Mwalimu huyo alikuwa na shahada ya Mlimani, amekwisha kufundisha Historia na Kiswahili kwa zaidi ya miaka kumi, na wakati huo alikuwa akiomba nafasi ya kufundisha Kiswahili katika shule moja huko Marekani. Pamoja na vyeti vyake alituonyesha fomu aliyokwisha kuijaza. Palipoulizwa kama anayo leseni ya kufundisha, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, tena akapigia mstari, ya kwamba hana. Tulipomwuliza sababu alikunja uso. “Wazee wangu,” alisema, “mimi nilisoma. Sikuwahi kuwa mwalimu wa leseni hata siku moja.”

Kwa Kiswahili cha Tanzania jibu lake lilikuwa sahihi, na kwa kweli lilikuwa ni jibu la mtu anayeitetea heshima yake. Lakini huko lilikokuwa likienda lingesomwa kinyume. Marekani kila jimbo lina mamlaka yake ya kuwapa walimu leseni, na aghalabu haipati mtu ila awe amekwisha kuhitimu shahada ya kwanza, amepita katika mafunzo ya ualimu yanayotambuliwa na jimbo, amefanya mazoezi ya kufundisha chini ya usimamizi, amefaulu mitihani iliyowekwa, na kumbukumbu zake za polisi zimechunguzwa. Asiye na leseni huko ni mtu asiye na haki ya kushika darasa. Kwa hiyo neno lile lile ambalo mwalimu wetu alilikataa kwa sababu linamshusha, ndilo neno ambalo kwa kukosekana kwake angeshushwa.

Hatukusudii katika makala haya kuandika historia nzima ya mafunzo ya ualimu. Tunakusudia kueleza jinsi neno hili leseni lilivyofika hapa lilipo katika elimu yetu, na kwa nini mfasiri au mtumishi wa serikali anayeliandika bila hadhari aweza kumnyima mtu kazi yake.

Yafaa ikumbukwe kwamba asili ya neno lenyewe ni ya heshima. Tumelipata kutoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililipata kutoka Kilatini, ambacho licentia kwacho ni ruhusa. Katika vyuo vya Ulaya ya zama za kati, ruhusa hiyo ya kufundisha ndiyo iliyokuwa kilele cha masomo yenyewe: aliyekwisha kusoma vya kutosha alipewa ruhusa ya kusomesha, na kutokana na ruhusa hiyo zikakua shahada tunazozijua leo. Hata neno daktari, kabla halijawa la waganga, lilikuwa na maana ya mfundishaji. Suala la nani atoe ruhusa hiyo na kwa malipo gani lilikuwa na uzito kiasi cha kufikishwa mbele ya Mtaguso wa Tatu wa Laterano mwaka 1179, ulioamuru kwamba asitozwe mtu fedha kwa ajili ya ruhusa ya kufundisha, wala asinyimwe anayestahili. Zama hizo, basi, shahada na leseni zilikuwa kitu kimoja.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kuliona jambo hili. Katika pwani yetu, tangu kale, mwanafunzi wa elimu ya dini aliyekamilisha kitabu mbele ya mwalimu wake alipewa ijaza, yaani idhini ya kukisomesha kitabu kile kama alivyokipokea. Ijaza haikutolewa na serikali wala na jengo. Ilitolewa na mtu kwa mtu, na ndani yake yalitajwa majina ya walimu wa mwalimu, mmoja baada ya mwingine, kurudi nyuma. Sheikh Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925 akiwa amewahi kuwa kadhi, alisafiri mpaka Hadhramaut na nchi nyingine kukaa mbele ya wanavyuoni. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, alipoandika habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, aliona ni lazima kwa karibu kila mmoja aseme alisoma kwa nani na nani wakasoma kwake. Swali la “unayo sifa gani?” lilijibiwa kwa jina la mwalimu. Tukiongeza kwamba chuo, kabla hakijawa jengo, kilikuwa ni kitabu, na kisha mahali pa kusomeshea Kurani, twaona kwamba msamiati wetu wa ualimu ulikuwa umekwisha kupevuka kabla ya kuja hati yoyote yenye mhuri wa serikali.

Serikali za kikoloni zilileta kitu kipya, nacho ni daftari. Mwalimu sasa alipaswa kuandikwa, apangiwe daraja, na shule yake ipewe au inyimwe ruzuku kwa kadiri ya walimu waliomo katika daftari hilo. Kwa walimu wa sekondari idadi ilikuwa ndogo mno, na kwa miaka mingi njia yao ya juu kabisa ilipitia Makerere. Marehemu Mwalimu Julius Nyerere aliipita njia hiyo kati ya mwaka 1943 na 1945, akaenda kufundisha St. Mary's, Tabora, na baada ya kusoma Edinburgh akafundisha St. Francis, Pugu. Cheo cha Mwalimu ambacho taifa zima lilimwita kwacho, na ambacho wageni wengine hudhani ni cha sifa tu, yeye alikuwa amekisomea.

Uhuru ulipokuja walimu wenyeji wa sekondari hawakutosha kabisa. Kuanzia mwaka 1961 vijana wa Kimarekani na wa Kiingereza waliletwa kwa mamia chini ya mpango wa Walimu kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, wengi wao wakipitia Makerere kwanza ili wapewe mafunzo ya ualimu kabla ya kupelekwa shuleni. Mwaka huo huo wa 1961 kilifunguliwa Dar es Salaam Chuo Kikuu Kishiriki kilichoanza na kitivo cha sheria, na mwaka 1964 ikaanzishwa huko Idara ya Elimu. Hapo ndipo palipofanyika uamuzi ambao mpaka leo unaonekana katika vyeti vya walimu wetu. Desturi ya Kiingereza ilikuwa mtu asome kwanza somo lake mpaka apate shahada, kisha aongeze mwaka mmoja wa ualimu. Mlimani palichaguliwa kuvisokota viwili hivyo pamoja: mwanafunzi asome masomo mawili ya kufundishia, na papo hapo asome saikolojia ya elimu, falsafa yake, mitaala na mbinu za kufundishia, kisha apelekwe shuleni kwa mazoezi huku wahadhiri wakimfuata darasani kumtazama. Nchi iliyokuwa na njaa ya walimu haikuweza kumngoja mtu mwaka mmoja zaidi, wala haikutaka ahitimu somo lake halafu abadili nia.

Njia ile ya zamani haikufa. Mwenye shahada isiyo ya ualimu aweza bado kusoma mwaka mmoja akapata ile inayoitwa Stashahada ya Uzamili katika Elimu. Jina hili, tuseme wazi, hatulipendi. Stashahada kwa watumishi wote ni hatua iliyo chini ya shahada. Sasa hapa imewekwa juu yake, na asiyesoma mpaka mwisho wa maneno humweka mwenye nayo katika safu ya wasiofika chuo kikuu. Tumepata kuiona barua ya kupandishwa cheo iliyokwama kwa sababu hiyo, karani akiwa ameliandika neno la kwanza na kuyaacha mengine kwa kuwa mstari wa fomu ulikuwa mfupi. Na “Shahada ya Elimu” nayo ina mzaha wake: ipi katika shahada isiyokuwa ya elimu? Ualimu ndilo neno lililokusudiwa, nalo lilikuwako.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliongeza sharti jingine, kwamba anayemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, tena athibitishwe na mahali pake pa kazi na tawi la chama. Kwa wanafunzi wa ualimu jambo hili lilikuwa na matokeo yake, kwani wengi waliofika Mlimani katika miaka iliyofuata walikuwa ni watu waliokwisha kushika chaki. Sharti hilo lililegezwa baadaye, lakini msamiati wake umebaki: bado twasema “sifa linganifu” kwa mtu aliyeingia chuoni kwa mlango usiokuwa wa kidato cha sita.

Sasa tufike kwenye kiini. Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 iliweka milango miwili ya kuingilia darasani. Mlango wa kwanza ni wa kusajiliwa: mtu aliyehitimu mafunzo yanayotambuliwa huandikwa katika daftari la walimu, na huyo ndiye mwalimu kamili. Mlango wa pili ni wa leseni: mtu ambaye hana sifa za kusajiliwa, lakini shule inamhitaji, aweza kupewa leseni ya kufundisha. Wazo hili halikuanzia mwaka 1978. Limerithiwa kutoka sheria za kikoloni, ambazo nazo zilitofautisha kati ya aliyeandikwa daftarini na aliyeruhusiwa tu. Lakini tazama lililotokea. Neno ambalo kwa asili yake lilikuwa ni kilele cha masomo, likawa katika sheria yetu ni jina la upungufu. Kwa daktari wa hospitali leseni ni alama ya kwamba amehitimu. Kwa dereva vivyo hivyo. Kwa mwalimu peke yake leseni ikawa alama ya kwamba hajahitimu.

Kwa muda wa robo karne tofauti hiyo ilikuwa ikijulikana zaidi na maofisa elimu na wenye shule kuliko na wananchi. Kilichoitoa ofisini na kuipeleka mitaani ni Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004. Nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,291 mwaka ule. Kufikia mwaka 2009 zilikuwa 4,102, nyingi zikiwa ni zile za kata zilizojengwa kwa nguvu za wananchi wenyewe. Matofali hufyatuliwa kwa wiki, lakini mwalimu hafyatuliwi. Serikali ilifanya yaliyowezekana: mwaka 2005 Chuo cha Ualimu Chang'ombe na Shule ya Sekondari Mkwawa ya Iringa vilifanywa vyuo vikuu vishiriki vya elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mafunzo ya stashahada yakapunguzwa hata mwanachuo akakaa chuoni mwaka mmoja, na mwaka wa pili akawa shuleni akifundisha. Hayo nayo hayakutosha. Ndipo vijana waliotoka kidato cha sita wakakusanywa, wakafundishwa ualimu kwa muda wa kama mwezi mmoja, wakapewa leseni na kupelekwa katika shule hizo mpya.

Watu hawakukawia kuwapa jina. Waliwaita walimu wa “voda fasta”, kwa mfano wa salio la simu lililokuwa likirushwa kwa haraka, na wengine wakawaita “yeboyebo”, kama vile vile viatu vya plastiki vya bei nafuu. Majina haya hayakubuniwa na kamati yoyote ya istilahi, nayo yalieleza jambo barabara kuliko istilahi nyingi tulizozipitisha sisi mezani. Tusiwacheke vijana wale. Wengi wao walifundisha Hisabati na Fizikia katika shule ambazo pasipo wao zisingekuwa na mwalimu wa masomo hayo hata mmoja, na baadhi waliendelea na masomo wakawa walimu kamili. Lakini kwa upande wa lugha jambo lilikuwa limekwisha. “Mwalimu wa leseni” likawa ni tusi la staha.

Ndiyo maana yule mwalimu wetu alikunja uso.

Ugumu huu hauishii mpakani. Vuka Ziwa Tanganyika uingie Kongo, au shuka Burundi, nako watu wasema Kiswahili. Huko mfumo wa vyuo ulifuata desturi ya Kibelgiji, na neno la Kifaransa lenye asili ile ile ya Kilatini limebaki karibu na heshima yake ya zama za kati. Katika Kongo, kabla ya mageuzi ya miaka ya karibuni, mwanachuo wa taasisi ya juu ya ualimu, kama ile ya Bukavu, alisoma miaka mitatu akapata hatua ya kwanza, na akiongeza miaka miwili akapata lisansi. Mwenye hatua ya kwanza alifikiriwa kuwa anafaa madarasa ya chini ya sekondari, na mwenye lisansi ndiye aliyefaa madarasa ya juu. Kwa hiyo mwalimu wa Bukavu anayesema kwa Kiswahili chake kwamba ana lisansi ya ualimu anataja daraja la juu alilolitokea jasho miaka mitano; na mwalimu wa Kigoma akilisikia neno hilo, tena likiwa limesahihishwa na mfasiri kuwa “leseni”, hufikiri juu ya mafunzo ya mwezi mmoja. Katika mkoa kama Kigoma, ambao umepokea wakimbizi kutoka nchi hizo mbili kwa miongo mingi, na walimu wakiwa miongoni mwao, hili si jambo la kubuni. Mfasiri anayeitengeneza lisansi kuwa leseni amefanya kosa kubwa kuliko yule anayeliacha neno kama lilivyo. Kwa Kiswahili cha Tanzania hiyo ni shahada, basi.

Kenya walichukua njia tofauti kidogo. Tume ya Huduma za Walimu iliundwa kwa sheria mwaka 1967, mwaka ule ule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa hapa kwetu, na tangu hapo mwalimu wa Kenya hujulikana kwa namba yake ya Tume. Asiyekuwa na mafunzo hakuitwa wa leseni. Aliitwa asiyehitimu, neno kavu lakini la kweli. Sheria mpya ya Tume ya 2012 iliongeza wazo kwamba mwalimu, hata akiwa amekwisha kusajiliwa, aendelee kujifunza ili awe na cheti cha kufundisha kinachothibitishwa tena na tena, na mafunzo hayo yalipozinduliwa mwaka 2021 yalizua malalamiko makubwa ya walimu, hasa kuhusu ada. Amri ya mwaka 1179 ya kutotoza fedha haikuwa imesikika Nairobi.

Nasi tumekuwa tukielekea huko huko. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania, ili walimu wawe na chombo chao cha usajili na maadili kama walivyo wanasheria na waganga. Pamoja na bodi hiyo neno leseni limerudi katika mazungumzo, sasa likiwa na maana ya hati ya mwalimu kamili. Kwa maneno mengine, maana mbili zinazopingana sasa zimo katika masikio ya mwalimu mmoja: ile ya 1978, kwamba mwenye leseni ni asiyetimia, na hii mpya, kwamba asiye na leseni ndiye asiyetimia. Tumewasikia walimu wa miaka thelathini kazini wakiuliza kwa uchungu iwapo sasa watafanywa “walimu wa leseni”. Wengine waliona ni ukaidi wa kuogopa bodi. Kwa maoni yetu, sehemu ya uchungu huo ni wa neno.

Yapo waliopendekeza kwetu ithibati. Neno ni zuri, ila limekwisha kuajiriwa mahali pengine, kwani vyuo na shule ndivyo vinavyopewa ithibati, na si vema mtu na jengo wagawane istilahi moja. Ijaza ingependeza sana, lakini ina wenyewe, nayo ni ya mwalimu kwa mwanafunzi; serikali haiwezi kuitoa. Sisi twaona ni bora leseni irudishwe mahali pake pa zamani, iwe ni ya aliyehitimu na kusajiliwa, na yule anayeruhusiwa kwa muda kwa sababu ya upungufu wa walimu apewe kibali, yaani “kibali cha muda cha kufundisha”, neno ambalo kila mtu anajua kwamba lina siku ya kwisha. Usajili ubaki na maana yake ya kuandikwa katika daftari. Lakini haitoshi kupitisha maneno haya katika orodha. Maadamu sheria ya 1978 na nyaraka zilizotokana nayo zingali zikisomwa katika majalada, mfasiri akikutana na neno leseni hana budi kutazama kwanza mwaka wa hati aliyoishika.

Ile fomu mwalimu aliiandika upya, nasi tukiwa pembeni. Penye swali la leseni alijibu kwamba amesajiliwa kuwa mwalimu kwa mujibu wa sheria ya nchi yake, tukaambatisha barua yenye namba ya usajili wake na tafsiri yake, na chini tukaongeza maelezo ya mistari miwili kwamba usajili huo hutolewa kwa waliohitimu mafunzo ya ualimu peke yao na kwa hiyo unasimama mahali pa leseni inayoulizwa. Aliyasoma maelezo hayo mara mbili, akatia sahihi, kisha akatuuliza kama ilikuwa ni lazima neno leseni litajwe humo.